Mchezo wa Tabu: Hela Zimo Ndani ya Boksi

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita mliniacha uani nimeshika ufagio, maboksi yamejaa sebuleni mpaka mama anapita kwa ubavu akipapasa ukuta, na geti linagongwa. Niliwaambia kwamba nilifurahi kusikia hodi ile. Nilifurahi kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo ninapowaandikia.

Kwa ambaye gazeti lilimpita: naitwa Tabu, binti wa marehemu Mbwana, wa hapa Chamazi. Jina nilipewa kwa sababu mama alinizaa kwa shida, na majirani wanasema tangu siku hiyo sijapumzika kulitendea haki. Niliacha kazi ya stationeri kule Tabata ili nibuni mchezo wa mezani. Unaitwa Wapangaji. Kila mchezaji ana chumba kwenye nyumba moja ya kupanga. Luku ya umeme ni moja, choo ni kimoja, na mwenye nyumba anaweza kutokea wakati wowote kudai kodi ya miezi sita. Atakayebaki bila kufukuzwa ndiye mshindi.

Nilijaribu kwanza mitandao ya Ulaya, ile ambayo mbunifu anaeleza wazo lake na watu wasiomjua wanamchangia. Ikanitaka niwe na akaunti ya benki ya nchi nyingine. Nikasema basi, nitachangisha nyumbani. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la kina mama wa mtaani kwetu.

Walichanga. Walichanga haraka kuliko wanavyochangia harusi. Sikujiuliza kwa nini. Nilijiona nina kipaji, basi.

Nikafungua geti.

Alikuwa ma'mdogo Farida, muuza vitumbua, shoga wa mama tangu usichana wao. Kajitanda khanga mpya, mkononi kashika sahani iliyofunikwa.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo si umefika?"

"Umefika! Nani kakwambia?"

"Jana si nimeona kigari cha Kirikuu kinashusha? Nikasema nisimsumbue mtoto wa watu, nimuache apumzike. Wa kwanza si mie?"

"Wa kwanza wewe," nikasema. Ndiye aliyetangulia kuchanga, tena alichanga kuwazidi wote.

Akapiga kigelegele hapo hapo mlangoni. Akaweka sahani mezani, akakaa, akatengeneza khanga yake mapajani. Nikamkabidhi boksi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimengoja sana siku ya kumkabidhi mtu boksi namna ile.

"Hii nini?"

"Mchezo wako, ma'mdogo."

"Mchezo wangu umeutia kwenye boksi? Ee, vijana mna mambo. Sie tulikuwa tunafungiaga kwenye kitambaa." Akalitikisa. "Mbona zinalia? Sarafu?"

"Vizibo vya soda. Vya kutembelea."

"Kutembelea wapi?"

"Kwenye ubao."

Akaniangalia kidogo, akacheka kama mtu anayetaniwa. "Haya. Na hela ziko wapi?"

"Zimo humo humo ndani. Hela za mchezo zitakosaje?"

"Hapo sasa umesema."

Niwaeleze kuhusu hela hizo. Wapangaji wanalipana kodi, luku na maji, kwa hiyo mchezo una noti zake, na noti hizo ndizo zilikuwa fahari yangu. Nilimsumbua Projestus, mchapaji wangu, mpaka akatafuta karatasi ngumu inayokwaruza kidogo. Nikamwambia azikate saizi ya noti halali. Nilitaka mtu akizishika mkononi ajisikie ana hela. Kwenye picha ndipo tulipoweka vyombo vya jikoni, ili polisi wasije wakatuuliza maswali.

Ma'mdogo Farida akafungua boksi. Akaondoa ubao, akaondoa kadi, akalikuta bunda. Uso ukamng'aa. Kisha akalisogeza bunda kwenye mwanga wa dirisha.

"Tabu."

"Naam."

"Hii ni sufuria."

"Ndiyo, ma'mdogo. Ya sufuria ndiyo noti kubwa. Ya mwiko ndiyo ndogo."

"Unanilipa sufuria?"

"Sikulipi, ma'mdogo. Ni ya kuchezea."

"Mie nimechanga hela halali, nimekaa nangoja zamu yangu, we' unaniletea sufuria ya kuchezea?" Alisimama. "Mama yako kawa kijumbe, mshika hela za watu, mtaa huu we' hujazaliwa. Hajawahi kumpunja mtu hata shilingi. We' leo ndio unamfanyia hivi?"

Alitoka na bunda la noti mkononi. Kabla sijafunga mdomo akarudi, akachukua vitumbua vyake, akatoka tena.

Nilibaki nimesimama. Ndani kabisa nilikuwa nimeshaelewa, ila kichwa kilikuwa kinakataa.

Aliyenimalizia ni Mwalimu Eufrazia, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwenyeji wa Bukoba. Alikuwa anafua, amesikia yote. Yeye alinisahihishia maandishi ya kadi zote za mchezo.

"Tabu, we' ni mtoto wa Pwani," akasema huku anakamua shuka. "Kweli mie Mhaya ndio nikufundishe? Hapa mtaani, mwanamke akikwambia anacheza mchezo, anamaanisha nini?"

Nikamshikia ncha ya shuka.

"Sema."

"Upatu."

"Haya. Soma ulichowaandikia."

Nikatoa simu. Nikapandisha juu, juu, mpaka nikakuta ujumbe wangu. *Mama zangu, naanzisha mchezo wangu mwenyewe. Naomba mchange. Kila atakayechanga, ukikamilika, atapata wake.*

Chini yake palikuwa na sauti ya mama, maana mama haandiki. Siku ile niliisikiliza mara moja, nikatokwa na machozi ya furaha. Safari hii niliisikiliza neno kwa neno. "Jamani, Zubeda hapa. Miguu yangu mnaijua, ukijumbe nimeshindwa. Sasa mwanangu kaanzisha mchezo. Mchezeni. Mie ndio dhamana."

Mie ndio dhamana. Wao walichangia jina la mama. Wapangaji wangu hakuna aliyekuwa na habari nao.

"Mwalimu, wewe ulijua ni gemu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua wewe unajua! Umelelewa na kijumbe! Nilidhani umewaeleza, kumbe unawaita wafadhili." Akaanika shuka, akageuka. "Mie mwenyewe nilishangaa. Nikasema, kina mama wa Chamazi wamekuwa Wazungu lini?"

Nikampigia Projestus. Nilijikaza nisilie.

"Braza, nikikurudishia mzigo, unaweza kunirudishia hata nusu?"

"Mzigo upi?"

"Wapangaji."

Akacheka, si kwa ubaya. "Sista, hela yako nilinunulia karatasi. Karatasi nimeshaichapa. Nikikurudishia, mie niuze nini? Nani atanunua picha za sufuria?"

"Sasa nifanyeje?"

"Uza michezo, sista. Si ndio kazi uliyoitaka?"

Kata simu, fikiria, ngoja. Kwenye mchezo wangu kuna kadi inayosema: *Kaa chumbani, zamu hii inakupita.* Watu wakiipata hukasirika. Mimi ningeipata saa ile ningeibusu.

Baada ya swala ya adhuhuri wakaja. Ma'mdogo Farida mbele, nyuma yake kina mama waliochanga, viatu vikajaa mlangoni kama kuna msiba. Mama hakuwepo. Alikuwa ameenda kumpa pole jirani aliyefiwa na mkwe. Wakaketi mkekani, wengine juu ya maboksi yangu.

"Tutamngoja Bi Zubeda," akasema ma'mdogo Farida. "Na wewe mtu mzima, ongea tukusikie."

Nikaongea. Nikasema mchezo wangu ni mchezo wa kucheza, kama ludo, kama drafti. Nikasema sikukusudia. Nikasema kila aliyechanga ana boksi lake na jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo kwa shukrani.

"Jina langu limeandikwa?" akauliza mmoja.

"Limeandikwa, shangazi."

"Nitaenda nalo dukani wanipe mchele?"

Wakacheka kwa uchungu. Mwalimu Eufrazia, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akaona nazama. Akaja, akatandaza ubao katikati ya mkeka.

"Jamani, si tunamngoja Bi Zubeda? Tucheze. Mjue angalau mmenunua nini."

Walikataa. Kisha mmoja akachukua dadu akairusha kwa dharau tu. Akaangukia luku. Nikamsomea kadi: *Luku imekata. Mpangaji mwenye friji anasema hajui. Lipeni sawa.*

"Yaani hajui!" akaruka yule mama. "Na friji analo! Huyo ni yule wa kule kwangu, huyo! Kila siku hajui!"

"Hebu leta na mie nirushe," akasema mwingine.

Ndugu zangu, walicheza. Walicheza nikawa nawatazama siamini. Walitukanana kwa sababu ya foleni ya choo. Walimkopesha mwenzao kodi halafu wakamdai mbele za watu. Ma'mdogo Farida mwenyewe alimfukuza jirani yake wa ukweli kwenye chumba cha mchezo, akalala chali kwa kicheko, machozi yanamtoka, anajipepea kwa khanga.

Nilikuwa nimeota siku ile. Chumba kizima kinapiga kelele juu ya kitu nilichokichora kwenye karatasi za maandazi nikiwa bado stationeri. Nikasema moyoni, labda. Labda wataelewa.

Ma'mdogo Farida akafuta macho, akakaa vizuri.

"Mzuri," akasema. "Sina ubishi, mchezo wako mzuri. Sasa hela yangu?"

Geti likalia. Mama.

Aliingia polepole, mkono ukutani. Maboksi tulikuwa tumeyasogeza, njia ilikuwa nyeupe, lakini mkono ulikuwa bado ukutani. Niliona, na akili haikukamata.

"Mna nini nyie? Nimesikia vicheko tangu kona ya duka. Farida, we' si ndiye unayecheka hivyo?"

"Karibu, dada Zubeda. Kaa." Ma'mdogo Farida hakuwa anacheka tena. "Mwanao katufanyia jambo. Mie sitaki kusema maneno. Shika mwenyewe uone."

Akamtilia bunda kiganjani.

Mama alizigonga noti zikalingana. Akazipindua kona kwa dole gumba karibu na sikio, vile vile alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, zamu ya mtu ikifika. Noti ya sufuria ilikuwa juu, nyekundu, sufuria kubwa na mfuniko wake, inamwangalia.

Mama akatabasamu.

"Mashallah. Mpya kabisa. Umezitoa benki, Tabu?"

Kina mama walitazama noti ya sufuria, wakamtazama mama.

"Sasa Farida, jambo gani? Kakupunja? Mbona bunda limeshiba?"

Alikuwa anamtazama ma'mdogo Farida, lakini si usoni. Alikuwa anatazama pembeni kidogo, karibu na bega, pale sauti ilipotokea. Nikaona ule weupe katikati ya macho yake. Si kwamba nilikuwa sijawahi kuuona. Alikuwa akisema ana ukungu, sukari ikishuka utaondoka. Vidole akasema vina ganzi, sukari hiyo hiyo. Mimi nikawa namwambia nitakupeleka, mama, mchezo ukishatoka tu nitakupeleka.

Na karatasi ile nilichagua mwenyewe. Nilitaka mtu akiishika ajisikie ana hela.

Ma'mdogo Farida alimkunjia mama vidole juu ya bunda. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo.

"Hajanipunja, dada."

"Sasa?"

"Nimekuja kukwambia... zamu yangu nakuachia wewe. Ishike."

"Farida! We' ndio wa kwanza."

"Ishike, dada. Mie nina vitumbua, sina haraka. Sie tunakwenda."

Wakainuka mmoja mmoja. Kila mmoja alimshika mama mkono, akampa heri, akavaa ndala zake nje. Wale waliokuja kunichana vipande walipita mbele yangu bila kunitazama. Hilo liliniuma kuliko kama wangenipiga.

Nikamfuata ma'mdogo Farida mpaka getini.

"Ma'mdogo, Mungu akulipe."

Akanikamata mkono juu ya kiwiko, akaniminya. "Mie sikunyamaza kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui kitu. Ile hela niliyochanga, unadhani ya vitumbua? Vitumbua gani vya kutoa hela ile? Nusu yake ya mama yako. Kauza bangili zake zile za harusi. Simu haioni, akaniambia nimchezee kwa jina langu, nikipokea nimpe kimyakimya, akasafishwe macho. Ndio maana nikawa wa kwanza. Ndio maana nimekuja asubuhi na khanga mpya, nikidhani leo nampeleka dada yangu hospitali."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema usivurugwe akili. Eti una kazi yako ya makaratasi."

Sikuweza hata kulia vizuri.

"Nenda kamwambie," akasema ma'mdogo Farida. "Mie sina mdomo huo. Na wenzangu wale leo wamemstahi yeye, Tabu. Kesho watataka chao."

Nikarudi ndani. Nilijipanga njia nzima kutoka getini, na njia yenyewe ni fupi. Nitasema: mama, kaa. Nitasema: mama, zile si hela.

Mama hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, baibui limeshavaliwa, mshono umegeuka nje. Noti alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga, fundo lile la kijumbe, linalokazwa kwa meno.

"Yule kijana wa bajaji nimemsikia hapo nje, nimemwita," akasema. "Hospitali wanaanza kufunga alasiri. Tuwahi."

"Mama, subiri kwanza."

"Nimesubiri sana, mwanangu." Alikuwa anacheka kidogo, na mama si mtu wa kucheka ovyo. "Unajua mie miaka yote ile napokea wa mwisho? Kijumbe hajitangulizi. Watu wanajenga, wanaozesha, wanapeleka watoto shule, mie nangoja wamalize. Leo nimepokea wa kwanza. Tena kwenye mchezo wa mwanangu."

"Mama, hela zile..."

"Zinatosha. Nimezipapasa. Zikibaki utaongezea kwenye mchezo wako."

Akanyoosha mkono kunishika uso. Kidole kikanigonga kwenye jicho, akakisogeza mpaka shavuni, akakiacha hapo.

"Na nikishaona vizuri, cha kwanza nataka unionyeshe hayo maboksi yako yana nini. Tangu jana napita nayapapasa tu, naona haya kuuliza."

Nje, bajaji ikapiga honi. Mama akanishika mkono, akatanguliza mguu kutafuta kizingiti.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Nikamfungulia mlango.